Mashindano ya Redio ya Ridhaa kwa Waya Mmoja Juu ya Paa

Wapenzi wengi wa redio ya ridhaa, yaani wenye leseni wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha, katika Afrika Mashariki hujiweka kando ya mashindano ya kimataifa ya kupata mawasiliano mengi hewani, kwa hoja ileile: hatuna minara, hatuna vikuza nguvu vya wati 1,500, wala hatuna antena kubwa zinazozungushwa kwa mota. Hoja hiyo ina mashiko kwa mtu aliye Ujerumani au Italia, ambako mwenye wati 100 na waya juu ya paa hugombea nafasi na maelfu ya wenzake wa aina yake, na hakuna mwenye haja ya kumtafuta yeye hasa. Kwetu mambo ni kinyume. Alama ya mwito, yaani jina rasmi la kituo hewani, inayoanza na 5H ya Tanzania, 5Z ya Kenya au 5X ya Uganda ni adimu hewani, na mshindani anayeisikia huacha alichokuwa akifanya ili aiite. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwenye kituo kidogo hapa si kutafuta nguvu zaidi, bali kujifunza kuupokea umati wa wanaomwita kwa pamoja.

Nitatumia mfano wa mashindano ya CQ World Wide, ambayo awamu yake ya sauti hufanyika wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba, na ya Morse wikiendi kamili ya mwisho ya Novemba. Hudumu saa 48, na kwa saa zetu huanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Katika kila mawasiliano pande mbili hupeana ripoti ya usikivu na namba ya kanda; dunia imegawanywa katika kanda 40, na Tanzania, Kenya na Uganda zimo katika kanda ya 37, ilhali Rwanda, Burundi na Kongo zimo katika kanda ya 36. Mawasiliano na bara jingine huleta pointi 3, na yale ya nchi mbili za Afrika huleta pointi 1. Mjerumani akizungumza na Mfaransa anaambulia 1. Sisi, kwa kuwa vituo vya Afrika ni vichache, karibu kila anayetuita anatuletea 3.

Pointi hizo huzidishwa kwa jumla ya kanda na nchi ulizopata, na hapo ndipo hesabu inapofaa kufanywa mapema. Tuseme una mawasiliano 400 yenye pointi 1,200, na kanda na nchi zako kwa pamoja ni 95. Alama zako ni 114,000. Mzungumzaji mwingine wa Ulaya ambaye nchi yake umeshaipata ataongeza 285. Kituo cha Madagaska kitakupa pointi 1 tu, lakini ikiwa hujapata nchi hiyo wala kanda yake ya 39, alama zako zitapanda kwa 2,497. Kwa sababu hiyo, kila umati unapopungua, mimi huacha kuita, nikazungusha kitufe cha masafa taratibu kutoka mwanzo wa bendi (kipande cha masafa tulichotengewa) hadi mwisho, nikiwatafuta wale ambao hawatakuja kwangu wenyewe.

Ushauri ninaoutilia mkazo kuliko wote kwa anayeanza ni kuchagua bendi moja, jambo ambalo kanuni zinaliruhusu na lina kundi lake la ushindi. Chagua mita 15 au mita 10; bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake. Mwezi Oktoba 2024 mashirika ya Marekani ya anga za juu, NASA, na ya hali ya hewa, NOAA, yalitangaza kwamba jua limefikia kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi, na miaka inayofuata kilele ni mizuri kwa bendi hizo kutoka ukanda wetu wa ikweta. Pia antena yake ni rahisi. Dipole ya mita 15 ni waya wenye urefu wa mita 6.7 hivi kwa jumla, uliokatwa katikati na kuungwa kwenye kebo. Ukiuinua mita 7 juu ya ardhi umefikia nusu ya urefu wa wimbi, na mawimbi yanatoka kwa pembe ya chini inayofaa kwenda mbali. Kimo hichohicho kwa bendi ya mita 40 ni takriban moja ya sita tu ya wimbi, na nguvu nyingi zitapanda juu angani badala ya kwenda Ulaya. Dipole yangu imefungwa upande mmoja kwenye bomba la chuma lililo kwenye kona ya nyumba, na upande wa pili kwenye mnazi, ikielekea mashariki na magharibi ili ubavu wake, unaorusha nguvu nyingi zaidi, utazame kaskazini. Kutoka Dar es Salaam, Ulaya ya kati ipo umbali wa takriban kilomita 7,000 upande huo, na Japani na Marekani, kwa kuwa ziko pembeni zaidi, hupata nguvu pungufu kiasi, lakini bado zinafikika.

Kuhusu nguvu, kutoka wati 100 hadi 1,500 ni ongezeko la desibeli 12 hivi, sawa na hatua mbili tu kwenye kipimo cha usikivu cha redio ya mwenzako. Fedha za kikuza nguvu ni afadhali ziende kwenye kebo nzuri na hedifoni zinazoziba masikio sawasawa.

Adui wa kweli ni kelele za umeme. Taa za LED za bei nafuu, chaja za simu na vidhibiti vya sola huvuma ndani ya bendi, na huwezi kuzungumza na usiyemsikia. Zima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu, endesha redio kwa betri ya volti 12, kisha rudisha kifaa kimoja baada ya kingine huku ukisikiliza. Mkosaji atajitaja mwenyewe. Nisipoogopa kuchekwa, nitakiri kwamba umeme unapokatika mtaa mzima siku ya mashindano mimi hufurahi, kwa kuwa bendi hunyamaza ghafla na vituo vilivyofunikwa na mvumo huibuka.

Sasa tuje kwenye umati wenyewe. Mtu mmoja akiiweka alama yako ya mwito kwenye orodha za mtandaoni za vituo vinavyosikika, ndani ya dakika moja utasikia ukuta wa sauti usio na neno hata moja linaloeleweka. Usijaribu kuikamata alama nzima. Kamata herufi mbili, kwa mfano Lima Papa (yaani L na P), zirudie pamoja na ripoti ya usikivu na kanda yako, "Lima Papa, tano tisa, tatu saba", bila shaka kwa Kiingereza, kisha nyamaza. Wengine wataendelea kupiga kelele. Usiwajibu, hata yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, mpaka Lima Papa amekamilisha alama yake. Umati ukigundua kwamba anayevuruga hapati kitu, utatulia wenyewe. Ukimpa mmoja nafasi kwa sababu ya ukorofi wake, umewafundisha wote ukorofi. Taja alama yako mara kwa mara, kwa mdundo uleule, kwa kuwa mashindano hupenda mwendeshaji anayetabirika.

Panga na watu wa nyumbani pia. Kwa anayeshindana katika bendi zote, si moja, kuna kundi linaloitwa Classic linalohesabu saa zisizozidi 24 kati ya zile 48, na linamfaa mwenye familia au ibada ya kuhudhuria. Jirani ambaye spika zake zinanasa sauti yako apewe taarifa kabla, si baada ya kuja kugonga mlango. Tena Oktoba na Novemba ni msimu wa vuli Pwani: radi ikianza kusikika kwa mbali, chomoa kebo ya antena na uitoe nje ya nyumba, hata kama umati unaita.

Mashindano yakiisha, tuma orodha yako ya mawasiliano ndani ya siku tano, hata ikiwa ni ndogo. Huhakikiwa kwa kulinganishwa na za wengine, na alama ya mwito uliyoiandika vibaya hufutwa pamoja na pointi za adhabu, hivyo kuuliza tena ni bora kuliko kubahatisha. Anayetaka kujaribu mitambo yake kabla ya Oktoba ana mashindano ya IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, wikiendi kamili ya pili ya Julai, ambayo ni ya saa 24 tu. Huko namba inayotolewa ni ya kanda za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ambazo ni tofauti na zile 40: Tanzania ni 53, Kenya na Uganda ni 48. Iandike kwenye karatasi na uibandike juu ya redio, kwa maana ulimi uliozoea kusema 37 hauachi upesi.