Anti, mama kaniletea mchumba wa Dar na mie nina wangu Uyole

SWALI: Anti shikamoo. Mie ni Mbaluchi wa Rujewa, miaka 29, nasimamia mashine ya familia ya kukoboa mpunga hapo Ubaruku. Kwa miaka mitatu niko na binti wa Kinyakyusa, mwalimu wa sekondari Uyole, kwao Tukuyu na ni Mkristo wa Moravian. Nyumbani hawamjui. Sasa mama kaanza kunitafutia mke, kila siku kwenye grupu la ukoo zinaingia picha za mabinti wa Dar, anaivuta picha kwa vidole viwili anasema "ona pua hii, damu bado ipo". Wamemkubali binti wa mjomba wa huko Dar, posa inaenda baada ya mavuno. Nikigusia kuoa nje naambiwa dini hairuhusu na mila itakufa. Na bibi yangu mzaa baba ni Msangu, mwenyeji wa hapa hapa Usangu, ila hilo halisemwi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Yani jambo kubwa kuliko yote umelitupia mwishoni kama vile halikuhusu! Wazee wenu walitoka Baluchistan, huko Iran na Pakistan ya leo, walipofika Usangu wengi walioa humu humu, wakalima mpunga wa mifereji humu humu, ndo mkapatikana nyie. Kwahiyo hiyo mila ya damu mama anayoilinda, kwenye nyumba yenu ilishavunjwa na babu. Usianze na mama, anza na baba maana yeye katoka tumboni kwa Msangu, sijui atakukatalia kwa mdomo gani.

Kuhusu dini usitishwe, Sura Al-Maida aya ya 5 inamruhusu Mwislamu kuoa mwanamke wa Ahlul Kitab, yaani Mkristo au Myahudi, muombe shehe wenu aongee na mama, asisikie kwako. Kisheria nako Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya waoanaji wenyewe, mtu akishatimiza 18 haombi kibali cha mzazi, mnatoa notisi ya siku 21 mnafunga hata ndoa ya serikali.

Ila sheria haikupi mashine ya mpunga. Nakuuliza kwa upole, unaogopa machozi ya mama au unaogopa kunyang'anywa funguo za Ubaruku? Kama ni funguo, mwambie huyo mwalimu mapema ajue anaolewa na nani.

Halafu umenieleza ya mama mwanzo mwisho, baba wa binti hujamgusa kabisa. Unadhani Tukuyu watashangilia tu? Wana kanisa lao, wana ng'ombe zao za mahari, na watauliza watoto watasali wapi. Mtafute mshenga Mnyakyusa mtu mzima, na hilo la watoto mlimalize nyie wawili kabla hajapanda gari.

Na yule binti wa Dar kakukosea nini? Mpigie wiki hii umwambie ukweli, mwenyewe, usimtume dada yako, maana mavuno hayo yanakaribia na posa ikishapokelewa aibu itakuwa yake sio yako.