Maswali ya Wasomaji: Kamera ya Kwanza kwa Mbwa Asiyetulia

Swali: Ndugu Mhariri, nina mbwa wawili wa aina ya Border Collie ambao hawajui kukaa chini. Hadi sasa ninawapiga picha kwa simu, na kila wanapokimbia kuelekea kwangu ninachopata ni ukungu wenye masikio. Nimeamua kununua kamera yangu ya kwanza ya DSLR, ile yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha. Muuzaji ananishauri nichukue kifurushi kipya chenye kamera ya megapikseli 24 na lenzi ya milimita 18 hadi 55, ilhali rafiki yangu anasisitiza kwamba kwa fedha hizohizo ningepata kamera iliyotumika, lakini ya daraja la juu zaidi. Nimsikilize nani?

Jibu: Msikilize rafiki yako. Ungekuwa unapiga picha za mandhari au za familia iliyokaa mezani, ushauri wa muuzaji ungekufaa kabisa, lakini mbwa anayekimbia ni mtihani wa aina nyingine, na mambo yanayomfanya mtu aufaulu hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi la kamera.

Tuanze na mbwa mwenyewe. Mbwa anayekwenda kwa kasi ya kilomita 36 kwa saa, kasi ambayo Border Collie mwenye afya njema anaifikia bila shida, hukata mita 10 kila sekunde. Akipita mbele yako kutoka upande mmoja kwenda mwingine, shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, ikiwa wazi kwa 1/250 ya sekunde yeye atakuwa amesogea sentimita 4, na manyoya yote yatakuwa yamefutika. Ukiipandisha kasi ya shata hadi 1/1000 atakuwa amesogea sentimita 1, na kwa 1/2000 nusu sentimita, ingawa miguu yake huenda kwa kasi kuliko kiwiliwili. Kamera zote za DSLR utakazokutana nazo zinafika angalau 1/2000, kwa hiyo kasi ya shata si kigezo cha kuchagulia kamera. Tatizo ni fokasi, yaani kuilenga lenzi ili mbwa aonekane mkali, hasa anapokujia moja kwa moja, kwa kuwa umbali kati yenu hubadilika kila unapopumua. Kamera inayopiga picha 5 kwa sekunde itakuta mbwa huyo amesogea mita 2 kati ya picha moja na inayofuata. Inayopiga 10 kwa sekunde itakuta amesogea mita 1. Sasa fikiria kwamba unatumia lenzi ya milimita 200 kwa uwazi wa f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga unaoingia ni mwingi), na mbwa yuko umbali wa mita 10: eneo litakaloonekana kali halizidi sana sentimita 30, yaani kutoka puani hadi mabegani. Kamera ikichelewa kidogo tu kumfuata, utapata mkia mkali na uso uliofifia.

Ndiyo maana jambo la kwanza kuuliza ni uwezo wa mfumo wa fokasi, na megapikseli zije baadaye sana. Ndani ya DSLR, sehemu ya mwanga hupenya kioo kikuu na kuelekezwa chini kwenye kifaa maalumu cha kupima fokasi, na kifaa hicho kina nukta kadhaa zinazoangalia maeneo mbalimbali ya picha. Nukta za kawaida husoma mistari ya mwelekeo mmoja tu, lakini zile za aina ya msalaba husoma ya wima na ya mlalo, na kwenye manyoya yaliyovurugwa na upepo tofauti hiyo inaonekana waziwazi. Nikon D3500, kamera nzuri na nyepesi kwa anayeanza, ina nukta 11, na ya msalaba ni ile ya katikati peke yake. Hupiga picha 5 kwa sekunde. Canon EOS 2000D ina nukta 9 na hupiga 3 kwa sekunde, na kwa mbwa wako hao nisingeipendekeza hata kwa bei ya kutupa. Zilinganishe na Nikon D7200 ya mwaka 2015, yenye nukta 51, zikiwamo 15 za msalaba, na kasi ya picha 6 kwa sekunde. Au Canon EOS 80D ya mwaka 2016, yenye nukta 45 ambazo zote ni za msalaba, na picha 7 kwa sekunde. Juu ya hizo kuna Canon EOS 7D Mark II ya mwaka 2014, yenye nukta 65 za msalaba na picha 10 kwa sekunde, na Nikon D500 ya mwaka 2016, yenye nukta 153 zinazoenea karibu upana wote wa picha, pia kwa picha 10 kwa sekunde. Upana huo una faida kubwa kwa mpiga picha wa mbwa, kwani mbwa hakubali kukaa katikati ya picha kwa kukupendeza wewe. Utaona pia kwamba hizi mbili za mwisho zina megapikseli zipatazo 20 tu, pungufu ya ile ya muuzaji wako, na bado wapiga picha wa michezo na wa wanyamapori walizitegemea kwa miaka mingi.

Uangalie vilevile hifadhi ya muda, ile sehemu inayoshikilia picha kabla hazijaandikwa kwenye kadi. Nikon D7100, ambayo kwenye karatasi inafanana sana na D7200, hujaza hifadhi hiyo ndani ya takriban sekunde moja ukipiga faili za RAW, zile ghafi na nzito, kwa mfululizo, kisha inaanza kujikokota wakati mbwa ndiyo kwanza anaruka. Ukipiga JPEG, faili zilizobanwa na nyepesi, nafuu inakuwepo, na kadi yenye kasi husaidia kuimaliza foleni mapema.

Lenzi ndiyo itakayokula sehemu kubwa ya fedha zako, na iachie. Milimita 18 hadi 55 ni fupi mno. Mbwa akiwa mita 20 ataonekana kama doa kwenye majani. Kwa kuanzia, Canon EF-S 55-250mm yenye mota ya STM ni chaguo ninalolipenda: ina uzito wa gramu 375 hivi, fokasi yake ni ya haraka na ya kimya, na mtumba wake haupatikani kwa shida. Upande wa Nikon tafuta 70-300mm ya AF-S, yaani yenye mota yake ndani, na VR, mfumo wa kutuliza mtikisiko. Ukiweza kupanda ngazi, 70-200mm ya f/4 ni nyepesi na kali, na ya f/2.8 ndiyo mfalme, ila uzito wake ni takriban kilo moja na nusu, na mkono utaujua baada ya nusu saa ya kumkimbiza mbwa. Usidanganywe na mfumo huo wa kutuliza mtikisiko: unatuliza mikono yako, haumtulizi mbwa. Na kuna mtego mmoja kwa wanunuzi wa Nikon: miili (kamera zenyewe bila lenzi) ya mfululizo wa D3000 na D5000 haina mota ya fokasi ndani yake, kwa hiyo lenzi za zamani za AF na AF-D hazitajifokasi zenyewe zikifungwa humo. D7200 na D500 zinayo. Kwa Canon hakuna wasiwasi huo, kwa sababu kila lenzi ya EF ina mota yake.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ningenunua D7200 au 80D iliyotunzwa vizuri, fedha zote zilizobaki ziende kwenye lenzi, na ningeiwaza D500 pale tu ambapo lenzi nzuri tayari imo mfukoni. Ya 7D Mark II naipenda kwa fokasi yake, lakini sensa yake, sehemu inayopokea mwanga, haivumilii vivuli vizito kama zile za Nikon za wakati huohuo. Ukishainunua, jambo la kwanza ni kubadili namna ya fokasi kuwa ile ya kufuatilia, inayoitwa AF-C kwenye Nikon na AI Servo kwenye Canon, na kutazama kupitia kidirisha badala ya skrini ya nyuma, kwa maana kwenye nyingi ya kamera hizi fokasi ya skrini haimwezi mbwa anayekimbia.

Haki inanitaka niongeze neno moja. Kamera zisizo na kioo zimekuwa zikitambua macho ya wanyama zenyewe tangu Sony ilipoiwezesha huduma hiyo mwaka 2019, na kampuni nyingine zikafuata. Kama bajeti yako inafika huko, hiyo ni njia rahisi zaidi. Lakini uhamaji huo ndio umezifanya DSLR za daraja la juu zishuke bei kwenye soko la mitumba, na anayenunua kwa mara ya kwanza hana sababu ya kulalamika.

Swali: Nimepata D500 iliyotumika kwa mtu ninayemfahamu. Nikague nini kabla ya kulipa?

Jibu: Omba picha moja iliyopigwa siku hiyohiyo, moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Kamera za Nikon huandika ndani ya faili la picha idadi ya mara ambazo shata imefunguka, na programu nyingi za kusoma taarifa za picha zitakuonyesha. Shata ya D500 imejaribiwa na watengenezaji hadi mizunguko 200,000. Ya D7200 hadi 150,000. Namba hizo si siku ya kufa, ila mashine iliyokwisha kuzikaribia inapaswa kuuzwa kwa bei inayolingana na hali hiyo. Kwenye Canon nyingi idadi hiyo haimo ndani ya faili, hivyo utahitaji programu maalumu au fundi.

Kisha piga picha ya anga au ukuta mweupe kwa f/16. Madoa ya kijivu yakionekana, ni vumbi kwenye sensa, ambalo husafishika. Mstari mkali unaorudi palepale katika kila picha huenda ni mkwaruzo, na hapo agana na muuzaji kwa heshima. Vumbi unaloliona ndani ya kidirisha cha kutazamia lisikutishe, kwani halifiki kwenye picha. Lenzi imulike kwa tochi kutoka nyuma: nyuzinyuzi nyeupe zinazofanana na utando ni kuvu, na lenzi yenye kuvu usiinunue. Mwisho, weka fokasi ya kufuatilia, mwombe mwenye kamera atembee haraka kukujia, piga mfululizo wa picha, kisha zikuze kwenye skrini uone kama macho yake ni makali katika nyingi kati yake. Mwili unaolenga nyuma au mbele kidogo kila mara unaweza kurekebishwa kwenye menyu ya D500, lakini unaokosa ovyoovyo una tatizo la ndani.

Swali: Mbwa wangu hushiriki mashindano ya vikwazo ndani ya ukumbi. Picha zinatoka zenye chembechembe, na jambo la ajabu ni kwamba katika mfululizo mmoja nyingine zinakuwa na giza na nyingine za manjano. Je, kamera ni mbovu?

Jibu: Kamera yako ni nzima. Taa za mirija, na baadhi ya taa za LED, humeta mara 100 au 120 kwa sekunde kulingana na umeme wa mahali hapo. Jicho halioni, lakini shata ya 1/1000 hunasa kipande kidogo tu cha mmeto huo, mara kileleni, mara bondeni. EOS 7D Mark II, 80D, D500 na D7500 zina mpangilio unaosubiri kilele cha mwanga ndipo shata ifunguke. D7200 haina kwa picha za kawaida, na kwa mtu wa kumbini kama wewe sababu hiyo peke yake ingenifanya niiruke.

Chembechembe ni matokeo ya ISO kubwa, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga uliopandishwa sana, na dawa yake ni lenzi yenye uwazi mkubwa kabla ya kufikiria mwili mpya. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 mwanga unaongezeka mara 4, maana yake ISO 12800 inashuka hadi 3200. Kama 70-200mm ya f/2.8 ni mbali na uwezo wako, 85mm ya f/1.8 ni ndogo, nafuu, na inaingiza mwanga zaidi ya maradufu ya hiyo ya f/2.8, utalazimika tu kuchagua kikwazo kimoja na kukaa karibu nacho. Flashi iache nyumbani, kwa kuwa waandaaji wengi hawairuhusu.

Swali: Mbwa wangu ni mweusi tii. Kamera inashindwa kumfokasi, na akijaa kwenye picha anatoka kijivu.

Jibu: Ni matatizo mawili yenye chanzo kimoja. Fokasi huhitaji utofauti wa mwanga na kivuli, na ubavu mweusi hauna. Tumia nukta ya msalaba, uielekeze kwenye ukosi, ukingo wa sikio au jicho linalong'aa, na umpange mbwa akimbie huku jua likimpiga usoni. Kuhusu ukijivu, kipimo cha kamera hudhani kila kitu kina weupe wa wastani, hivyo kikiona weusi mwingi kinaongeza mwanga. Mpunguzie mwanga kwa -0.7 au -1 kwenye kirekebishaji cha mwanga cha kamera. Ila mbwa akiwa mbali na majani yamejaa kwenye picha, kipimo kinasoma majani, na upunguzaji huohuo utamfanya mbwa awe kivuli. Kwa hiyo jua likiwa halibadiliki, afadhali uache kubahatisha: piga picha ya majaribio akiwa amesimama, upange kasi, uwazi na ISO kwa mkono mpaka manyoya ya mgongoni yaonekane yamegawanyika, kisha usiviguse tena mpaka wingu lipite.