Mwanao Akidokoa Dukani

Nimesimamia duka la kujihudumia kwa miaka, na jibu nililolizoea kwa wazazi ni moja: "Mwanangu? Hawezi!" Anaweza. Udokozi wa dukani umeenea kwa vijana kuliko tunavyopenda kukubali, na wengi ninaowakamata si watoto walioshindikana.

Wala msisingizie umaskini kila mara. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008, uliohoji watu wazima zaidi ya 43,000, ulikuta takriban 11 kati ya kila 100 wamewahi kuiba dukani, na wenye kipato kizuri ndio waliokiri zaidi. Mimi sikushangaa. Binti mmoja tulimkuta na rangi ya mdomo ndani ya mkono wa sweta, na hela ya kuinunua anayo, imekunjwa mfukoni. Wenzake wawili walikuwa mlangoni wakijifanya wanachezea simu. Kwa nini umechukua? "Wao walishachukua."

Kijana huyohuyo akija peke yake hupita rafu ileile bila kugusa kitu. Akiwa na kundi, anaona aibu kuonekana mwoga.

Ukikuta kitu kipya kwenye begi lake, na ni mara ya tatu anasema kapewa na rafiki, muulize mkiwa wawili tu. Ukimuumbua mbele ya wadogo zake atajifunza kuficha vizuri zaidi, basi. Kisha nenda wewe kwanza ukaongee na msimamizi wa duka, maana wengine huita polisi bila kusikiliza mtu. Mkielewana, mlete mtoto azungumze mwenyewe, na alipe kwa hela yake ya matumizi hata ikiwa kidogo kidogo. Baba mmoja alinijia na noti mkononi, akalipa harakaharaka, mtoto hakufumbua hata mdomo. Haukupita muda tukamkamata tena. (Baba akanilaumu mimi.)

Anayeiba peke yake, tena vitu asivyovitumia, huyo mpeleke kwa mshauri nasaha. Huenda kuna jambo linamsumbua ambalo fimbo haitalifikia. Na akikutwa na sodo au sabuni, acha kwanza habari ya wizi. Muulize ni nini kingine anachokihitaji na anaona haya kukuomba.