Makala 312 za mtafiti mmoja

SWALI: Shikamoo Mkutubi. Kaka yangu ana melanoma, saratani ya ngozi, na imeshasambaa. Tumeshauriwa ajiunge na majaribio ya dawa ya kuamsha kinga ya mwili, yanayoongozwa na mtafiti mashuhuri. Nimemtafuta mtandaoni: ana makala 312, zimerejelewa mara 41,000, na kipimo chake cha h ni 88. Baba anasema mtu wa namna hiyo hawezi kukosea. Mimi sielewi hata namba hizo zinahesabu nini. – Mdogo wa mgonjwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana, na umfikishie kaka salamu zangu.

Kipimo cha h kilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Huyo wenu kupata 88 maana yake ana makala 88 ambazo kila moja imetajwa na makala nyingine mara 88 au zaidi. Hilo si jambo dogo. Hufiki hapo bila kufanya kazi miaka mingi na kusomwa na wenzako. Ila mtu aliyeandika makala tano tu maishani, kila moja ikatajwa mara elfu, kipimo chake ni 5.

Nimetumikia maktaba ya tiba miaka 27, nikiwatafutia madaktari makala. Siku moja daktari aliniomba kila kilichoandikwa na bingwa fulani wa kinga ya mwili. Orodha ilikuwa ndefu. Nilikaa nayo jioni mbili na penseli, nikiweka alama. Nyingi zilikuwa makala za mapitio, yaani muhtasari wa kazi za wengine, na hizo ndizo hutajwa sana kwa sababu zinampunguzia msomaji kazi. Nyingine jina lake lilikuwa katikati ya majina arobaini. Katika fani hii anayetangulia kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi ya maabara, na wa mwisho ndiye mkuu wake. Utafiti wenyewe, alioubeba yeye, ulibaki fungu dogo, na fungu hilo lilikuwa zuri kwelikweli. Nilimpelekea daktari hizo tu.

Tena kutajwa si kukubaliwa. Wanaoipinga makala nao huitaja, mwandishi hujitaja mwenyewe, na hata makala iliyofutwa na jarida huendelea kutajwa miaka mingi.

Sasa nikupe mfano wa ugonjwa huohuo wa kaka. Mwaka 1996 jarida la Science lilitoa makala yenye waandishi watatu: Leach, Krummel na Allison. Walionyesha kwamba seli T za panya, yaani askari wa kinga ya mwili, zenye breki iitwayo CTLA-4, hushambulia uvimbe ukiizuia breki hiyo. Makala moja, na ya panya. Miaka 14 baadaye, mwaka 2010, yalichapishwa matokeo ya majaribio ya ipilimumab, dawa inayozuia breki hiyo, kwa wagonjwa 676 wa melanoma iliyosambaa. Nusu ya waliopewa dawa hiyo peke yake waliishi zaidi ya miezi 10. Kwa waliopewa chanjo ya kulinganishia peke yake, miezi 6.4. Marekani iliiidhinisha mwaka 2011. Allison alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 pamoja na Tasuku Honjo wa Japani, ambaye maabara yake iliitambua PD-1, breki nyingine ya seli T, mwaka 1992 ilipokuwa ikichunguza jinsi seli zinavyokufa, si ikitafuta dawa ya saratani. Ambaye angeihesabia makala ile ya 1992 mara ilizotajwa miaka miwili baadaye, asingejua ameshika nini mkononi.

Kwa hiyo umweleze baba kwa heshima: sifa za mtafiti ni sababu nzuri ya kumsikiliza. Lakini kaka hatachomwa sindano ya makala 312. Atapewa dawa moja, na hiyo ndiyo ya kuulizia. Je, imeshajaribiwa kwa binadamu, au bado ni panya? Wangapi? Walilinganishwa na waliopewa nini? Na wangapi walidhurika? Breki ya kinga ikiachiwa, seli zinaweza kuugeukia mwili wenyewe: utumbo, ini, ngozi, tezi. Swali hilo la madhara msione haya kulirudia hadi mjibiwe kwa namba.

PubMed, orodha ya makala za tiba iliyo mtandaoni, haina malipo. Andika jina la dawa, si la mtafiti, kisha uchague majaribio ya tiba peke yake. Ukikuta makala, angalia kwanza idadi ya wagonjwa na kundi la kulinganisha. Pale lugha itakapokuzidi, nitumie kichwa cha makala, nitaisoma yote na kukujibu kabla kaka hajatia saini.