Maswali ya wenye boti: lita ngapi hadi Bongoyo na kurudi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina boti ya faiba ya mita saba na nusu, yenye kijumba mbele cha kulala watu wawili. Nataka kuanza kupeleka wageni visiwa vya Bongoyo na Mbudya, hapa Dar es Salaam, mwisho wa wiki, watu wanane hadi kumi kwa safari. Nimeletewa mashine za aina mbili: mbili za nguvu za farasi 40 kila moja, za mipigo miwili, zilizotumika, au moja mpya ya 75 ya mipigo minne. Hiyo mpya bei yake imenitoa jasho. Kila nikiuliza inakula lita ngapi kwa saa napewa jibu tofauti. Nifuate lipi?
Msomaji, Mbezi Beach

JIBU: Marahaba. Unapewa majibu tofauti kwa sababu saa si kipimo cha safari. Mashine iliyolegezwa ikisubiri wageni wapande inakula kidogo sana kwa saa, na haikufikishi popote. Uliza lita kwa kilomita. Wageni wako wanalipia kufika kisiwani, na kisiwa hakisogei.

Hata hivyo anza na kipimo cha juu kabisa, maana hicho hakibishaniwi. Mashine ya mipigo minne ikifunguliwa resi yote hutumia karibu lita 0.3 kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Yako ya 75 basi itakula lita 22 hadi 24. Ile ya mipigo miwili yenye kabureta, tunayochanganyia oili kwenye petroli, huenda karibu lita 0.45, kwa kuwa sehemu ya petroli hutoka na moshi kabla haijaungua. Ndiyo ile rangi ya upinde wa mvua unayoiona juu ya maji nyuma ya boti. Mbili za 40 zitakula kama lita 36 kwa saa, na kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1 kila lita 50 za petroli zinataka lita moja ya oili. Oili iwe ile ya mashine za boti za mipigo miwili, yenye alama ya TC-W3. Ya pikipiki iache dukani.

Sasa njoo kwenye mwendo, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo fedha za wenye boti zinapozama. Boti yako ikienda taratibu, kilomita 9 au 10 kwa saa, inayapasua maji bila kuyapigania. Kwa urefu wake, mwendo huo wa kupasua maji hauwezi kupita kilomita 12 hivi. Ukiongeza resi hapo, omo (mbele ya boti) inainuka, tezi (nyuma yake) inazama, nyuma linatengenezwa wimbi kubwa, na boti inahangaika kulipanda wimbi lake yenyewe. Ni sawa na kupandisha mlima Sekenke na lori lililojaa. Ukiendelea, inafika mahali omo inashuka, boti inatulia na kuteleza juu ya maji, na mashine inapumua.

Kwa boti ya ukubwa wako, watu kumi ndani na ile mashine ya 75, makadirio yangu ni haya. Kilomita 10 kwa saa: lita 4 kwa saa, yaani 0.4 kwa kilomita. Kilomita 16, pale inapohangaika: lita 13, yaani zaidi ya 0.8 kwa kilomita. Kilomita 30, ikiteleza vizuri: lita 15, yaani 0.5. Resi yote, kilomita 40: karibu 0.6. Angalia vizuri hiyo 16. Unakwenda nusu ya mwendo wa 30 na kila kilomita inakugharimu zaidi. Manahodha wengi wa hapa Msasani hukaa hapo hapo wakiamini wanabana matumizi, na inaniuma kuwaona, maana wanamchomea tajiri petroli na abiria analowa. Ama nenda taratibu kweli, ama ipandishe boti iteleze kisha rudisha resi kidogo mpaka pale inapotaka kuzama tena, uongeze kiasi.

Tuhesabu shilingi. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo weka bei ya mwezi wako. Mimi natumia 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Kwenda kisiwani, kurudi, na kuwazungusha wageni kidogo, chukua kilomita 20. Mashine ya 75 ikiteleza itakula lita 10, sawa na shilingi 30,000. Zile mbili za 40 kwa mwendo huo huo zitakula kama lita 16, sawa na 48,000, oili haijaingia. Tofauti ni 18,000 kwa safari. Ukifanya safari nne kila mwisho wa wiki, kwa mwezi ni 288,000. Mashine mpya inaanza kujilipa yenyewe.

Zipo gharama ambazo muuzaji hazitaji. Ya mipigo minne inataka oili mpya baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila saa 100, pamoja na oili ya gia kule chini. Impela ya pampu ya maji badilisha kila mwaka, hata kama inaonekana nzima. Yenyewe ni mpira tu, lakini ikikatika mashine inapikika. Zinki, vile vipande vya madini vinavyoliwa na chumvi badala ya mashine, zikiisha nusu, badilisha. Kila jioni pitisha maji baridi ndani ya mashine, ya bomba, yasiyo na chumvi. Weka pia leseni ya TASAC, shirika linalosimamia vyombo vya majini, na jaketi la kuokolea kwa kila abiria, na hilo sitaki kulijadili zaidi.

Kisha tenga fedha ya mashine inayofuata. Tuseme hii umeuziwa milioni 30 na unategemea ikufanyie kazi saa 2,000: kila saa inapowaka weka 15,000 pembeni. Asiyeitenga hudhani anapata faida, mpaka siku mashine inapokufa na boti inageuka banda la kuku ufukweni.

Zile mbili zina jambo moja zuri kweli: moja ikizima, nyingine inakurudisha nyumbani, ingawa moja peke yake haitaiinua boti iteleze. Hoja hiyo siipuuzi. Chukua ya 75, na pembeni funga ndogo ya 6 au 8 yenye tangi lake. Mafuta yagawe mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu lisiloguswa. Ghuba ya Msasani imefunguka upande wa kaskazini, hivyo kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, mawimbi yanaingia moja kwa moja na huenda usiweze kuteleza kabisa siku hiyo. Lile fungu la tatu ni la siku hiyo.

SWALI: Salaam aleikum fundi. Nilinunua boti ya mita nane yenye mashine ya 115 ya mipigo minne. Ilikuwa ikifika mizunguko 5,600 kwa dakika. Sasa imekaa imetia nanga kwenye mkono wa bahari hapa miezi kadhaa, inafika 4,600 tu na petroli inakunywa vibaya. Fundi mmoja asema ninunue rafadha (propela) nyingine.
Msomaji, Kilifi

JIBU: Waaleikum salaam. Usinunue kwanza. Rafadha haikubadilika boti ikiwa nangani. Kilichobadilika kiko chini ya maji. Subiri bamvua, iegeshe kwenye mchanga maji yakipwa, utazame tumbo lake. Utakuta nyasi na vile vidudu vyenye gamba gumu, na vingine kwenye rafadha yenyewe. Wazee wetu hawakuacha jahazi likae hivyo: walilipandisha, wakalichoma kwa makuti, wakalipaka deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Ya faiba usiichome! Kwangua kwa ubao au plastiki, sugua, kisha upake rangi ya kuzuia vidudu. Ukiiacha nangani bila rangi hiyo, utarudia kazi hii mara kwa mara.

Ikishakuwa safi, pakia mzigo wako wa kawaida na ufungue resi yote. Mashine nyingi za 115 za mipigo minne zinataka kufika kati ya 5,000 na 6,000. Ikibaki chini ya hapo, tafuta maji yaliyojificha ndani ya sakafu, maana boti kuukuu hunywa na uzito hauonekani. Hapo ndipo rafadha inaingia: kila inchi moja ya pichi, yaani umbali ambao rafadha ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja, unayopunguza huongeza mizunguko kama 200.

SWALI: Mashine yangu ya 40 ya mipigo miwili niliinunua Tanga ikiwa na nguvu nzuri. Huku ziwani imelegea na plagi zinakuwa nyeusi. Nimeibiwa?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Hujaibiwa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi. Mashine inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, huku kabureta ikiendelea kumimina petroli ya kiwango cha pwani. Petroli inazidi hewa, plagi zinalowa na kushika masizi, na unalipia kisichoungua. Mwambie fundi akuwekee jeti kuu (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) ndogo kidogo, na rafadha yenye pichi pungufu kwa inchi moja. Jeti ya zamani itunze. Mashine hiyo ikirudi Tanga, irudishwe kabla ya kuwashwa, la sivyo itakosa petroli ya kutosha na kuunguza pistoni.