Jaribu dawa ya mimea kwenye mbegu kumi kwanza

Msimu mmoja kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoozesha miche michanga, kilinimalizia kitalu chote cha nyanya. Miche ilikuwa imetoka vizuri, lakini asubuhi moja nikakuta mashina yamesinyaa usawa wa udongo, membamba kama uzi, na miche yote imelala. Msimu uliofuata nikaponda kitunguu saumu, nikakamua, nikaloweka mbegu humo usiku kucha bila kuongeza hata tone la maji. Niliona kadiri dawa inavyokuwa kali ndivyo mbegu zitakavyokuwa salama.

Zilizoota zilihesabika. Nilipofukua zilizobaki, nyingine hazikupasuka kabisa, na nyingine zilitoa kamzizi kafupi kenye ncha ya kahawia, kakaishia hapo hapo.

Dawa inayozuia kuvu haichagui. Allisini, ile kemikali ya kitunguu saumu yenye harufu kali, huvuruga protini za seli, ziwe za kuvu au za mbegu inayojitahidi kuota. Kinachotofautisha ni kipimo na muda. Mimea yenyewe hutumia silaha hizi dhidi ya majirani zake, na mwaka 1937 mtaalamu wa mimea wa Austria, Hans Molisch, aliipa hali hiyo jina la alelopathi. Mtama, kwa mfano, hutoa kemikali iitwayo sorgoleoni kwenye vinyweleo vya mizizi yake, na magugu machanga yaliyo karibu hudumaa.

Siku hizi sigusi mbegu za kupanda kabla ya kujaribu. Nachukua mbegu kumi kwa maji matupu, kumi kwa dawa nzito, kumi kwa dawa iliyozimuliwa mara kumi. Naziloweka nusu saa, nazisuuza, kisha nazifunga kwenye vitambaa vyenye unyevu. Usiache lile kundi la maji matupu! Hilo ndilo litakalokuambia kama tatizo ni dawa au mbegu zenyewe ni mbovu. Na usihesabu zilizoota tu, linganisha na urefu wa mizizi, kwa sababu mbegu inaweza kuota na bado ikawa imeumia.

Kitunguu saumu usikichemshe. Kikiwa kizima hakina allisini. Huundwa pale unapokiponda, kwa kazi ya kimeng'enya ambacho joto hukiua. Ponda, subiri kama dakika kumi, ndipo uongeze maji baridi, na utumie siku hiyo hiyo. Haradali nayo lazima ipondwe na ipate maji ndipo itoe ule mvuke wake mkali. Ukiifukia kitaluni ili kupunguza kuvu wa udongoni, subiri wiki mbili tatu kabla ya kusia, hasa mbegu ndogo ndogo, maana hizo ndizo huumia kwanza.

Mafuta ya karafuu yana yujenoli, inayozuia kuvu wengi, lakini yakiwa mazito huunguza majani. Watu huyatumia hata kuulia magugu, ingawa mzizi hubaki na gugu la kudumu huchipua tena. Mimi nayaweka mbali na miche.

Mbegu za nyanya nimeacha kuziloweka kwenye dawa. Nasia kwa nafasi, namwagilia asubuhi, nauacha udongo wa juu ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Kinyausi hustawi penye maji mengi na miche iliyosongamana, na kitalu cha namna hiyo hakiokolewi na kitunguu saumu.