Maswali ya wasomaji: Warsha mchana, flai jioni

*Habari kaka. Mwezi ujao ofisi inanileta Unguja kwenye warsha, Jumatatu mpaka Alhamisi, hoteli iko Shangani na vikao vinaisha saa tisa na nusu alasiri. Huku kwetu navua trauti kwa flai, zile ndoana zenye manyoya zinazoiga wadudu, kwenye mito ya mlimani, nina fimbo namba 5. Naweza kuvua hapo hapo mjini jioni bila kukodi boti?*
*Msomaji, Arusha*

Ndugu yangu karibu sana, na jibu ni ndio, unaweza. Ila kabla hujaisoma ratiba ya warsha usome mwezi kwanza, maana huku bahari ndo inayopanga saa. Wiki yako ikiangukia mwezi mchanga au mwezi mpevu basi hiyo ni bamvua, maji makubwa, na wakati wa bamvua hapa Unguja mjini maji hujaa mida ya saa kumi, alfajiri na alasiri, yaani wewe unatoka kikaoni, unavua tai, unashuka unakuta maji yamegusa ukuta ndo yanaanza kutoka, una masaa mawili mazuri kabisa mpaka magharibi. Kila siku yanachelewa dakika 40 au 50 hivi, kwaiyo yakijaa saa kumi Jumatatu, Alhamisi yatajaa jua linazama. Na bamvua letu si mchezo, maji yanapanda na kushuka mita 3 mpaka 4, pale ulipovua jioni ukirudi saa nne asubuhi unakuta watu wanatembea.

Ikiwa ni maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka, saa kumi alasiri ndo yamekupwa. Usijisumbue saa hizo. Pumzika, kula, shuka baada ya isha maji yakiwa yanapanda kuelekea saa nne usiku, alafu tafuta pale taa inapomulika maji, vidagaa wanafata mwanga, vibua na kolekole wadogo wanafata vidagaa, utawasikia kabla hujawaona, maji yanapasuka pa! karibu na ukuta.

Hiyo namba 5 iache nyumbani. Ni nyepesi, kwa trauti inatosha ila huku upepo utaishinda, na kolekole hata awe mdogo anavuta vibaya sana. Azima au nunua namba 8 ya vipande vinne, inaingia kwenye sanduku, na ndoana zote ziweke kwenye mzigo wa kukabidhi usije ukanyang'anywa uwanja wa ndege. Flai chukua Clouser Minnow nyeupe na kijani, ile yenye macho ya chuma, yale macho yanaizamisha na pia yanaipindua ncha ya ndoana itazame juu, kwaiyo hainasi hovyo kwenye mawe. Vuta uzi kwa mkono, mivuto mifupi ya haraka, usivute kama uko mtoni. Kolekole akiona kitu kinamkimbia ndo anakitaka. Na kama kuna mzia weka kipande kifupi cha waya mbele ya flai maana yule nailoni anakata mara moja.

Sasa mahali. Forodhani jioni HAPANA, naomba unielewe hapa. Watoto wanaruka majini kutoka ukutani, wauza urojo na mishikaki wamejaa, watu wanapita na familia zao, na flai kabla haijaenda mbele inarudi nyuma yako mita 10 na zaidi ikiwa na ndoana. Jicho la mtoto halina spea. Bora ufukwe mdogo wa Shangani pale watu wakipungua, au ukuta wa Mizingani alfajiri baada ya sala kukiwa hamna mtu, na hata hapo usirushe nyuma: acha uzi ulale juu ya maji mbele yako, inua fimbo taratibu mpaka uzi uning'inie nyuma kidogo ya bega, tulia, alafu sukuma mbele kwa nguvu. Haiendi mbali ila ukutani samaki wako karibu, huhitaji mbali. Vile vijino vya ndoana vinavyoizuia isichomoke vibonyeze kwa plaizi kabla hujatoka hotelini. Bandarini usiingie na fimbo kabisa.

Upepo nao uuangalie. Ukisimama Shangani unatazama magharibi, kwaiyo kusi, ule upepo wa kusini mashariki, inakujia nyuma kushoto, na kama unatumia mkono wa kulia hiyo ni salama, inaipeleka flai mbali na wewe. Kaskazi, wa kaskazini mashariki, inakuja nyuma kulia, hiyo inaileta ndoana kichwani kwako. Vaa miwani na kofia siku zote, jioni hata usiku, miwani myeupe ipo.

Na ukikuta wazee wanavua kwa mshipi wasalimie, waulize wamepata nini, kaa mbali nao usivuke nyuzi zao. Wao wanatafuta kitoweo, wewe unatafuta raha baada ya kazi, nafasi nzuri ni yao. Mara nyingi watakuonesha wenyewe wapi kolekole wanapita.

Ukirudi chumbani suuza fimbo na rili kwa maji baridi ya bomba, yatiririke tu pole pole, maji ya kasi yanasukuma chumvi ndani.

*Kaka shikamoo, nalima mwani Jambiani. Tasi wanatumalizia mwani wetu kila siku, hiyo flai inaweza kuwashika?*
*Mama wa mwani*

Marahaba dada yangu, pole sana. Kwa flai usitegemee, tasi chakula chake ni hayo majani yenyewe, kitu kinachokimbia kama dagaa hakimshughulishi. Madema, ile mitego ya samaki, bado ndo kazi yake, mwambie mvuvi wa hapo kijijini ayatege karibu na shamba mgawane. Ukimtoa kwenye dema mshike kwa kitambaa kinene, miiba yake ya mgongoni na tumboni ina sumu. Ikikuchoma tia mkono kwenye maji ya moto, moto wa kustahimilika usiunguze, uweke humo nusu saa au zaidi, joto linaivunja ile sumu na maumivu yanashuka. Ukiona unavimba sana au pumzi inabana nenda hospitali hapo hapo.